Dereva wa enduro apewe spana, fundi akae nje ya uzio

Timu ikisajili straika wa bei mbaya huku uwanja wake wa mazoezi una mashimo, kijiweni watacheka wiki nzima. Kwenye pikipiki za enduro kosa hilohilo linapigiwa makofi.

Kijana akipata pikipiki yake, kitu cha kwanza anaagiza bomba la ekzosi kutoka nje. Zaidi ya Sh1 milioni inakwenda hapo. Anabandika stika, anabadili plastiki, akipita kitaa kila mtu anageuka. Chini ya siti kuna filta ya hewa ya sponji iliyobeba vumbi la safari tatu zilizopita, na hiyo hakuna anayeiuliza.

Kinachofuata kinajulikana. Katikati ya pori injini inaanza kutoa moshi, nguvu inapotea, pikipiki inasukumwa. Mwenyewe analaumu petroli, analaumu njia, analaumu fundi. Bomba jipya linang'aa tu pale pembeni, halina kesi.

Dawa ya tatizo hili ipo, ni ya zamani kuliko Kombe la Dunia na haihitaji mfadhili. Siku ya mashindano, anayeendesha pikipiki ndiye aitengeneze. Waandaaji wa mbio za pikipiki za nje ya lami Tanzania, Kenya na Uganda waiweke kanuni hiyo kwenye enduro zao, na fundi akae nje ya uzio akitazama.

Kanuni ya tangu 1913

Mwaka 1913, mjini Carlisle, Uingereza, yalianza mashindano ya pikipiki ya siku sita ambayo leo yanaitwa International Six Days Enduro. Kombe la Dunia la soka lilikuja miaka 17 baadaye. Nchi zinatuma timu zao, madereva wanapita milima, misitu, mito na mawe, na wenyewe wanayaita Olimpiki ya pikipiki.

Utamu wa mashindano haya uko kwenye kanuni. Kabla ya kuanza, pikipiki inakaguliwa na sehemu zake kubwa zinapigwa alama ili mtu asije akabadili kitu kimyakimya usiku. Jioni zote zinaingizwa kwenye uzio uliofungwa. Hakuna anayeruhusiwa kuzigusa mpaka asubuhi.

Dereva anapewa muda mfupi wa kazi, dakika 10 asubuhi kabla ya kuondoka na dakika 15 jioni kabla ya kuirudisha uzioni. Ndani ya dakika hizo anabadili tairi, filta, pedi za breki na oili. Anabadili mwenyewe. Msaidizi anaweza kumpa kifaa au ushauri kwenye maeneo yaliyoruhusiwa, lakini mkono unaokaza nati lazima uwe wa dereva. Akichelewa kutoka, adhabu inaongezwa kwenye muda wake.

Mwaka 1964 mwigizaji Steve McQueen aliiwakilisha Marekani kwenye mashindano hayo huko Erfurt, iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Jina lake lilikuwa kubwa duniani kote, lakini kwenye tope alihesabiwa kama mwenzake yeyote.

Hata Dakar, yenye malori ya mafundi na pesa za viwanda, ina daraja la madereva wanaojitegemea, ambalo wakongwe bado wanaliita Malle Moto. Dereva wa daraja hilo ana sanduku la vifaa na hema. Akitoka kuendesha mamia ya kilomita jangwani anawasha taa ya kichwani, anapiga magoti kwenye mchanga na kuanza kumwaga oili. Wenye timu kubwa wakipita wanamsalimia kwa heshima, maana wanajua anachofanya.

Huo ndio ubishi wenyewe. Enduro tangu mwanzo ilikuwa kipimo cha mtu na chombo chake kwa pamoja. Ukimwondolea dereva spana mkononi, umebakiza nusu ya mchezo.

Kazi iko kwenye saa, si kilomita

Wengi wanaotoka kwenye pikipiki za barabarani wanaikosea enduro kuanzia hapa. Boxer ya bodaboda inahesabiwa kilomita. Pikipiki ya enduro ya mashindano inahesabiwa saa, ndiyo maana nyingi zina kijisaa kinachohesabu muda ambao injini imezunguka. Saa moja ya kupanda mlima kwa gia ya kwanza inaichosha injini kuliko saa moja ya lami, ingawa kilomita zilizosomeka ni chache.

Injini nyingi za mashindano za mapigo manne zinabeba oili kidogo, lita moja na kitu. Oili hiyo inalainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji wengi vinataka ibadilishwe baada ya saa kati ya 10 na 15, na mapema zaidi kwa anayeshindana. Dereva anayesubiri oili iwe nyeusi kama anavyofanya kwenye gari la nyumbani, anasubiri bili.

Filta ya hewa ndiyo kipa wa injini. Akifungwa yeye, wote wamefungwa. Vumbi jembamba la kiangazi, lile la Dodoma au Manyara linaloingia mpaka kwenye meno, likipenya filta linaingia kwenye silinda na kufanya kazi ya msasa. Ringi zinalika, mgandamizo unashuka, pikipiki inakuwa ngumu kuwaka na nguvu inaisha kidogokidogo bila mwenyewe kushtuka. Siku anaposhtuka, anahitaji pistoni.

Tiba ni ya bei ndogo. Sponji inaoshwa kwa dawa yake, inasuuzwa, inakamuliwa bila kusokotwa, inaachwa ikauke kabisa, inapakwa oili ya filta mpaka rangi ienee kila upande, halafu ukingo wake unapakwa grisi kabla ya kurudishwa. Dereva makini ana sponji mbili au tatu, moja kazini na nyingine safi kwenye mfuko. Bei ya sponji moja haifiki hata moja ya kumi ya lile bomba.

Cheni nayo ina hadithi yake. Fundi wa haraka haraka anaikaza mpaka inalia, mwenyewe anaona imekaa vizuri. Kumbe enduro ina shokapu yenye mwendo mrefu, na nyuma inaposhuka umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka. Cheni iliyokazwa sana haina pa kwenda, inavuta beringi ya shafti ya gia mpaka inakufa. Kipimo cha ulegevu kimeandikwa kwenye kitabu cha kila pikipiki, na hicho ndicho cha kufuata.

Spoku zinagongwa kwa spana ndogo, moja baada ya nyingine. Iliyokaza inalia kwa sauti nyembamba, iliyolegea inatoa sauti butu. Kazi hiyo haimalizi dakika tano kwa magurudumu yote mawili, na inaokoa rimu. Beringi za mkono wa nyuma na za viungo vya shokapu zinafunguliwa na kupakwa grisi, hasa baada ya kuvuka mito. Kijana wa kuosha magari asiachiwe aelekeze bomba la maji ya presha kwenye beringi na sili, maana maji yanaingia, grisi inatoka, na kutu haina haraka.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji diploma ya ufundi. Yanahitaji mtu aliyepiga magoti mbele ya pikipiki yake mara nyingi kiasi cha kujua sauti yake ikibadilika. Dereva anayempa fundi funguo jioni na kuzichukua asubuhi hawezi kuijua sauti hiyo. Akiwa peke yake porini, mlio mpya kwake ni kelele tu.

Usajili wa akili

Hakuna ubaya kuboresha pikipiki. Tatizo ni foleni. Bomba la mlio linapewa nafasi ya kwanza wakati lilipaswa kuwa mwishoni kabisa.

Kwanza zije kinga. Bamba la chini linalolinda injini dhidi ya mawe, kinga za mikono na kinga za rejeta. Jiwe moja likitoboa rejeta safari imekwisha, hata kama chini ya tangi kuna farasi 50. Kinga hazipendezi kwenye picha, lakini ndizo zinazomrudisha mtu nyumbani akiwa ameendesha.

Pili ni tairi na upepo wake. Kwenye mawe na matope, madereva wa enduro wanaotumia tyubu wanashusha upepo mpaka kati ya psi 12 na 15 hivi, chini sana kuliko barabarani, ili tairi ilale na kushika ardhi. Wakishusha hivyo wanafunga kibano cha rimu ili tairi isizunguke peke yake na kung'oa valvu. Wanaoshindana kwa kiwango cha juu wanaweka sponji nzito ndani ya tairi badala ya tyubu, pancha inakuwa historia. Kushusha upepo hakuna gharama, na mabadiliko yake yanasikika dakika ileile.

Tatu ni sproketi. Kwa pikipiki yenye meno 13 mbele na 50 nyuma, kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza manne nyuma. Pikipiki inapoteza mwendo wa juu, inapata nguvu ya kupanda polepole bila kuichoma klachi. Kijana anayelalamika kuwa pikipiki yake haina nguvu mlimani mara nyingi anahitaji hilo tu, na gharama yake ni ndogo.

Nne ni shokapu, na hapa ndipo pesa inapostahili kwenda. Pikipiki ya mashindano inatoka kiwandani ikiwa na springi za dereva wa uzito fulani, mara nyingi kilo 75 hadi 85. Mwenye kilo 62 ataiona ngumu kama benchi la shule. Mwenye kilo 100 nyuma itazama na mbele itakuwa nyepesi, kona hazikubali. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa kamili, dereva akipanda na vifaa vyake vyote nyuma inatakiwa ishuke sentimita 10 au 11 hivi. Kupima kunahitaji futikamba na rafiki mmoja wa kushika usukani. Ni wangapi waliofunga mabomba ya bei mbaya wamewahi kupima?

Nguvu ije mwisho. Pikipiki za mapigo mawili za sisi 300 zinazotawala enduro ngumu zina uzito wa kilo 100 na ushee, na nguvu zake kama zilivyotoka kiwandani zinamshinda dereva wa kawaida. Anayeshindwa kutumia nusu ya nguvu aliyonayo hana sababu ya kununua zaidi.

Mguu na jicho

Kuna mlima wa chuma huko Austria, unaitwa Erzberg. Tangu 1995 kuna mbio pale ambazo madereva 500 waliofuzu wanaondoka kwa makundi, wana saa nne za kufika mwisho, na wanaofika wanahesabika kwa urahisi.

Mwaka 2007 alitokea Mpolandi Taddy Blazusiak, dereva wa mchezo wa trayo, ule wa kupanda mawe na magogo polepole bila kuweka mguu chini. Alikwenda Erzberg na pikipiki ya kuazima. Akashinda. Akashinda tena miaka minne iliyofuata. Baadaye akaja Mwingereza Graham Jarvis, naye mtu wa trayo, akashinda mara tano, ya mwisho mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 44.

Hapo kuna somo kwa kila anayesubiri kifaa kijacho ndipo aanze kushinda. Mchezo wa trayo unamfundisha mtu kusimama kwenye vikanyagio na kuiachia pikipiki icheze chini yake, kidole kimoja kikiwa kwenye klachi na kimoja kwenye breki. Unamfundisha kuweka uzito mbele akipanda na nyuma akishuka, na kutazama pale anapotaka kwenda. Anayelikodolea macho jiwe atalipiga jiwe hilo.

Mazoezi hayo yanafanyika kwenye uwanja wowote wenye gogo na matairi mabovu. Kuzunguka nane ndogo kwa gia ya kwanza bila kuweka mguu chini, kupanda kizuizi kwa mwendo wa mtu anayetembea, kusimama na kuondoka katikati ya mlima. Ni kama danadana kwa mchezaji wa soka. Yanaonekana ya kitoto mpaka siku mtu anapokosa pumzi kwenye tope akagundua kuwa mwenzake aliyeyafanya kila jioni bado anatabasamu.

Utunzaji na uendeshaji havitengani. Dereva anayejua kuwa yeye ndiye atakayebadili tairi jioni hairushi pikipiki ovyo kwenye jiwe asubuhi. Anaisikiliza klachi kwa sababu anajua kazi ya kuifungua. Fundi anapokuwepo wa kusafisha kila uchafu, uendeshaji unakuwa wa hasira.

Nani anafaidika

Kuna sababu kubwa zaidi ya kuitaka kanuni hii Afrika Mashariki. Uganda kuna viwanja vya motokrosi vya Garuga na Busiika, Nairobi kuna Jamhuri Park. Mchezo upo, lakini macho ya watu wengi bado yanauona kuwa wa wenye nacho, wale wanaofika na gari la kubeba pikipiki, fundi na vipuri vya akiba.

Nje ya geti la uwanja wowote kati ya hivyo wamepaki vijana wa bodaboda. Hao wanabadili tairi kando ya barabara kwa vyuma viwili na mguu. Wanajua plagi iliyokufa kwa kusikiliza. Wanapita njia za tope msimu wa masika wakiwa na abiria na gunia, kwenye pikipiki ya sisi 125 yenye tairi za lami. Kwa upande wa ufundi na uvumilivu, hakuna kundi lililojiandaa zaidi kwa enduro.

Mbio zikipimwa kwa pesa ya fundi, kijana huyo hana nafasi. Zikipimwa kwa dakika 15 za spana baada ya saa tano za pori, ghafla yeye ndiye wa kuogopwa. Kanuni moja inahamisha faida kutoka mfukoni kwenda mkononi.

Bara hili lina mifano. Ross Branch wa Botswana, nchi yenye watu wachache kuliko mikoa kadhaa ya Tanzania, alimaliza wa pili Dakar 2024 na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa mbio ndefu za jangwani. Alikuwa juu ya Hero, kampuni ya India. TVS, jina linalojulikana kila kijiwe cha bodaboda, nayo imepeleka pikipiki Dakar ikishirikiana na Sherco ya Ufaransa. Mwaka 2020 Kirsten Landman na Taye Perry, wanawake wa Afrika Kusini, walimaliza Dakar kwa pikipiki, mbio zinazowashinda wanaume wengi. Na Lesotho, nchi ya milima isiyo na bahari wala utajiri mkubwa, imekuwa mwenyeji wa mbio za Roof of Africa tangu miaka ya 1960, na mabingwa wa enduro ngumu wa dunia wanafunga safari kwenda huko.

Wanaopinga wana hoja

Kuna watakaosema kanuni hii inawanyima mafundi riziki. Haiwanyimi. Fundi ana wiki nzima ya kufungua injini na kufundisha. Kocha wa soka naye haingii uwanjani kupiga penalti, na hakuna anayesema kanyimwa ajira.

Wengine watasema kuna hatari, dereva asiyejua spana atajiumiza kwa gurudumu lililolegea. Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake ni ukaguzi. Mkaguzi wa mashindano apite kabla ya kila kuondoka, ashike breki, atikise gurudumu, aangalie bolti za ekseli. Asiyekidhi asiondoke. Ukaguzi huo unatakiwa kuwepo hata pale mafundi wanapofanya kazi, kwa sababu fundi aliyechoka usiku naye husahau nati.

Watasema pia kwamba spana peke yake haimnunulii kijana wa bodaboda pikipiki ya enduro. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana kanuni iende pamoja na daraja la pikipiki za kazi, zisizozidi sisi 150, zenye tairi za pori, breki zilizokaguliwa na dereva mwenye helmeti na viatu vya maana. Njia yao iwe fupi kidogo, lakini saa ihesabiwe vilevile na uzio uwe uleule.

Waandaaji wanaweza kuanza na mbio moja tu. Wanunue kopo la rangi ya alama, wafunge kamba kuzunguka eneo la pikipiki, wamweke mtu mwenye saa na filimbi getini. Mafundi wakae nje ya kamba na viti vyao, wapige kelele wanavyotaka. Ndani, kila dereva apewe dakika 15, tairi moja na vyuma viwili. Mashabiki nao wasogezwe karibu waone.

Wakimaliza, ubao wa matokeo utaonyesha nani ana pikipiki na nani anaijua.